Makapi ya Mama Panya

Dada yangu analipwa mshahara ili awatunze panya vizuri, kisha awaumize ini, kisha aone kama majani yanaweza kuwaokoa. Ukiieleza kazi hiyo mbele za watu, nusu watacheka na nusu watasogeza viti. Mtaani wanamwita Mama Panya, naye huitika. Mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba yake, maana kati yetu wawili mdomo nilipewa mimi na subira akapewa yeye, na sijui ni nani aliyepunjwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona barazani, na katika kazi ya dada nina mchango wangu: namshonea vitambaa vya kuchujia. Ni pamba nyeupe yenye nyuzi zilizobanana, na pindo lisiloachia hata uzi mmoja. Cha kwanza kabisa nilikitia urembo pembeni, akanirudishia.

"Sindano," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hiki kinakwenda kuchuja majani, hakiendi harusini."

Kazi yenyewe niliiona siku nilipompelekea vitambaa vipya. Ni chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe, kinanuka spiriti na majani makavu. Majani yanaoshwa, yanatandazwa kivulini juu ya nyavu, kwa sababu jua likiyapiga linaua kile kinachotafutwa. Yakikauka yanasagwa, unga unalowekwa kwenye spiriti ndani ya mitungi ya kioo, na dada anapita akiitikisa mmoja mmoja kama anayebembeleza watoto. Kisha unachujwa kwa kitambaa changu, halafu kwa karatasi. Maji ya kijani yanayotoka yanatiwa kwenye chupa ya duara, na mashine inaizungusha chupa hiyo juu ya maji ya moto, taratibu, mpaka spiriti yote iondoke. Kinachobaki ni kitu kizito, cheusi kinachoelekea kijani, kinanata kama lami. Gunia zima la majani linaishia kwenye kikombe. Mtu mwingine angekiita dawa. Dada anakiita "kile kitu".

Nilimwuliza kile kitu kinafanya nini. Akaniambia ini ndilo linalosafisha kila tunachomeza, na sumu ikilizidi, ndani yake huzuka chembechembe kali zinazolitafuna, kwa namna ileile hewa inavyolitafuna bati mpaka likawa kutu. Yapo majani yenye vitu vya kuzizima chembechembe hizo kabla hazijaanza kutafuna. Hayo ndiyo wanayoyatafuta.

"Na mmeyapata?"

"Kwa panya, dalili zipo. Kwa watu, bado hatujui."

Hilo "bado hatujui" ndio wimbo wake. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, bado hatujui. Ukimwuliza kama ataolewa tena, bado hatujui. Zamani lilikuwa likinichosha sana.

Uani kwetu tunaishi na Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu. Yeye ndiye aliyetulea. Ni fundi wa kupaka magari rangi, na kibanda chake cha mabati kiko ng'ambo ya barabara, milango ya magari imeegemezwa ukutani, vumbi la msasa limetanda kila mahali. Ni mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi, na gari likitoka mikononi mwake unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Lakini kazi ya kuinama imemla mgongo. Kwa muda mrefu tulimsikia akiguna kila anaponyanyuka, naye akisema ni uzee unabisha hodi, asifunguliwe.

Mimi ndiye niliyeanza kuona, na niliona kwa futi yangu ya kupimia. Alileta suruali nimpunguzie kiuno. Haikupita muda akairudisha nimpunguzie tena. Nilipoinua macho kumtania, nikaona weupe wa macho yake umegeuka manjano, nikauacha mzaha, nikamwita dada.

Dada alimwambia siku hiyohiyo aende hospitali. Baba Mdogo akacheka. Akasema macho yake yana rangi kwa sababu yeye ni mpaka rangi.

Sasa ikatokea kwamba profesa wa dada, mstaarabu mmoja anayezungumza polepole, alihojiwa redioni. Alisema wameona dalili njema kwa panya na kwamba safari bado ni ndefu. Mtangazaji akamshukuru, kisha akawageukia wasikilizaji: "Basi ndugu zangu, dawa ya ini hiyo, imepatikana!" Ulimi hauna mfupa. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Mama Panya ana dawa ya ini kazini kwake, tena mitungi kwa mitungi.

Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, akatuita sebuleni kwake. Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye kochi, mto nyuma ya mgongo.

"Mwanangu," Mama Mdogo alimwambia dada, "huyu ndiye aliyekusomesha. Kwa nini tukusikie redioni kama watu baki?"

"Mama Mdogo, ile si dawa. Bado inajaribiwa."

"Na huyu mgonjwa hapa si wa kujaribia? Kijiko tu. Nani atajua?"

"Sitaleta."

Alilisema hivyohivyo, bila kupandisha sauti. Mama Mdogo akapiga makofi, akatutazama mmoja mmoja kama anayeita mashahidi.

"Mnamsikia? Panya wapewe, baba yake anyimwe!"

"Panya akifa nitaandika kwamba amekufa," dada akasema. "Baba Mdogo akifa nitaandika nini? Aende hospitali. Hata sasa hivi nitampeleka."

Baba Mdogo akainua mkono kuamua ugomvi. Alisema hospitali hakwendi, na kila mmoja wetu alijua kwa nini. Kaka yake, baba yetu, aliingia hospitali kwa miguu yake akatolewa amebebwa. Tangu hapo Baba Mdogo akipita mbele ya lango la hospitali huvuka barabara.

Tukatoka. Kuanzia siku ile dada akawa mchoyo, asiye na shukrani, aliyesoma akasahau. Maneno hayo yalisemwa kisimani, dukani, hata barazani kwangu, na aliyeyasema barazani kwangu aliondoka na gauni lake bila vifungo. Dada mwenyewe aliendelea kwenda kwa Baba Mdogo kila alipotoka kazini. Anaingia, anasema "Shikamoo, Baba Mdogo," anaitikiwa kwa shingo upande, anauliza, "Tunakwenda lini hospitali?" anajibiwa ovyo, anaaga. Kesho yake anarudi na swali lilelile. Nilimwambia anajidhalilisha. Akaniambia tone kwa tone ndilo linalotoboa jiwe, na kwamba hata hivyo hana kazi nyingine jioni.

Nikashangaa jambo moja. Baba Mdogo alianza kujisifu kwamba ana nafuu. Macho yalikuwa yamezidi umanjano, ngozi inamwasha usiku kucha, chakula anakisukuma kando, lakini yeye anasema nafuu ipo, na Mama Mdogo anatabasamu kama mwenye siri.

Siri yenyewe ilifichuka kwenye bustani. Nyuma ya jiko dada ana kitalu cha nyanya, na mbolea yake anaitoa kazini. Ni makapi, yale majani yaliyokwisha kulowekwa na kuchujwa, yakaachwa kwenye hewa mpaka spiriti yote ikapotea. Kazini wangeyatupa, kwa hiyo yeye huyaleta nyumbani kwenye mfuko na kuyarundika kando ya kitalu. Jumamosi asubuhi alichukua jembe dogo akaenda kuyatia kwenye nyanya. Akarudi barazani kwangu mikono mitupu.

"Sindano, nani amechukua makapi yangu?"

"Nani atake takataka?"

Alikuwa amegeuza uso, ananusa. Kutoka jikoni kwa Mama Mdogo kulikuwa kunakuja mvuke wenye harufu niliyowahi kuinusa mahali pamoja tu, kwenye kile chumba kirefu cha meza nyeupe.

Tuliingia bila hodi. Kwenye ukumbi mdogo wa nyuma makapi yalikuwa yametandazwa juu ya mkeka, safi kabisa, yamechambuliwa mawe kama mchele. Jikoni sufuria inatokota. Mama Mdogo alisimama mbele ya sufuria yake akiwa ameshika mwiko.

"Ulitunyima," alisema, "tukajichukulia. Na anapona! Muulize mwenyewe kama haponi!"

Mimi nilijiandaa kutoa povu. Dada akanishika mkono, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa Baba Mdogo. Alikuwa amekaa kitandani na kikombe mkononi, anapuliza moto. Dada akakaa chini, miguuni pake.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Usinichukie. Mwenye shida hana aibu."

"Sikuchukii. Hayo unayokunywa ni makapi. Mimi nimeyaloweka mara tatu na kuyakamua mara tatu, na kila kilichokuwamo nimekiacha kazini. Umekuwa ukinywa maji ya moto."

Baba Mdogo alikitazama kikombe. Mama Mdogo alikuwa ametufuata mlangoni na mwiko wake.

"Mbona nimepata nafuu?"

"Nafuu gani? Niambie."

"Mgongo. Mgongo hauumi kabisa."

Nilimwona dada anafikiri. Akauliza polepole, "Kwa huo mgongo unameza nini?"

Baba Mdogo akatoa kopo la rangi la zamani chini ya mto, lililosafishwa vizuri, akamkabidhi kwa fahari kidogo. Lilijaa vidonge vyeupe. Parasetamoli. Alisema humeza viwili, na visipotosha anaongeza viwili, na siku za kazi nyingi huwa hahesabu. Zamani alikuwa akivizidisha pia, ila kwa kujizuia, maana aliwahi kusikia vinachosha ini. Lakini tangu apate maji ya majani ya kulilinda ini, amekuwa akivimeza bila hofu.

Dada alikishika kidonge kimoja kati ya vidole viwili. Akakisogeza karibu na macho ya Baba Mdogo.

"Baba Mdogo," alisema, "mwenye homa akimeza viwili kwa kipimo, havina ubaya. Lakini tukitaka kumharibu panya ini, ili tuone kama majani yatamwokoa, tunamsagia hivi. Hivihivi. Tunamzidishia."

Sufuria ilikuwa ikitokota peke yake jikoni. Mama Mdogo akakaa palepale kizingitini.

Baba Mdogo akajaribu mzaha wake wa kawaida. "Kwa hiyo mimi nimewafanyia utafiti bure."

"Ndiyo."

"Basi sawa. Nimekuelewa. Vidonge naacha leo. Sasa niletee kile chenyewe. Kile chenye nguvu, ulichokiacha kazini. Mwanangu, nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Na kweli hakuwahi. Nilimtazama dada, na nakiri moyo wangu ulikuwa upande wa Baba Mdogo. Mtu aliyekubeba mgongoni anakuomba kijiko kimoja, na kijiko hicho unacho. Mimi ningekimbia kukileta. Ningevunja mlango.

Dada machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Baba Mdogo, wewe ni fundi. Mteja akikuletea gari bodi lake limeshaliwa na kutu, akakwambia, paka tu ile rangi ya kuzuia kutu juu yake, unamwambiaje?"

"Namwambia hapana. Hiyo hupakwa kwenye chuma kizima."

"Ukiipaka juu ya kutu?"

"Nje gari linang'aa," Baba Mdogo alisema. "Kutu inaendelea kula chini kwa chini. Siku unaigusa kwa kidole, kidole kinatokea upande wa pili."

"Wale panya wangu waliopona ni wale waliopewa majani kwanza, sumu baadaye. Tulikuwa na wengine. Hao walipewa sumu kwanza, kisha majani baadaye. Maini yao nimeyapima mimi mwenyewe."

"Wakawaje?"

"Wakafa, Baba Mdogo."

Alikitua kikombe sakafuni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba atakwenda hospitali wiki ijayo, akimaliza gari la mteja fulani, limebaki mlango mmoja tu. Dada akasimama. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anatafuta viatu. Alivitoa uvunguni, akapiga magoti, akauchukua mguu wa Baba Mdogo akauvisha kiatu, akafunga kamba. Akauchukua wa pili.

"Baba yetu hakuuawa na hospitali," alisema akiwa ameinama, anafunga. "Alifika amechelewa. Nilikuwa mkubwa kidogo, nakumbuka. Kila siku alisema wiki ijayo. Mimi leo siendi popote, kesho siendi, keshokutwa siendi kazini, sitoki hapa chumbani. Utanikanyaga ukitaka kubaki."

Baba Mdogo alimwekea mkono kichwani. "Mkaidi wewe," alisema. "Umemrithi nani?"

"Wewe."

Akasimama. Mimi nilikimbilia barabarani kutafuta gari.

Hospitalini dada alimkabidhi daktari lile kopo la vidonge, na makapi kidogo kwenye mfuko ili kisifichwe kitu. Daktari hakumgombeza mtu. Alimtoa Baba Mdogo damu, akamtundikia dripu ya dawa inayotumika kwa sumu ya vidonge hivyo, akasema ukweli: imechelewa kidogo, si sana, tusubiri. Ni kusubiri kubaya kuliko kote nilikowahi kusubiri. Mama Mdogo alikaa upande wa pili wa kitanda hasemi na dada. Kisha asubuhi moja nilifika nikamkuta amelala kwenye benchi, kichwa chake kiko kwenye paja la dada, na dada ameketi wima hasogei asije akamwamsha. Sikuuliza walisemezana nini.

Baba Mdogo alirudi nyumbani. Macho yalichukua muda kuwa meupe. Ini lake lina kovu, daktari alimwambia, na atalichunga maisha yake yote. Mgongo sasa anaukanda kwa maji ya moto na kuupumzisha, na anaguna sana, nasi tunafurahi kumsikia akiguna. Suruali nimemwongezea kiuno, nikamtoza bei ya watu wengine, akanitukana vizuri kabisa. Makapi ya dada siku hizi hayaji nyumbani. Anayachoma hukohuko kazini, na nyanya zetu zimedhoofu.

Juzi nilikwenda na dada kumpelekea Baba Mdogo chai kibandani. Tulimkuta na mteja, kijana mwenye haraka zake, gari lake limeliwa na kutu chini ya milango yote. Anataka lipakwe tu rangi ya kuzuia kutu, ling'ae, aondoke.

"Sipaki," Baba Mdogo alimwambia.

"Mzee, rangi unayo. Nakuona nayo hapo."

"Ninayo. Kwanza tukwangue, tukate palipooza, tuunge. Itauma na itachukua muda."

"Kwa hiyo unaninyima rangi?"

Baba Mdogo alituona tumesimama na chupa ya chai. Akamnyooshea dada msasa aliokuwa ameushika.

"Unamwona yule? Nilimlea mimi. Nilimwomba dawa nikiwa kitandani, naye alikuwa nayo, akaninyima. Angenipa ningeinywa, nisingekwenda hospitali, na ningekufa huku namshukuru." Kisha akainamia mlango wa gari, akaanza kuukwangua.